Upupu ni levodopa ileile, tuandikieni habari za mimea na Parkinson mpaka mwisho

Ndugu Mhariri,

Salamu. Naandika kuhusu zile habari za afya mnazozitoa kila baada ya muda zenye kichwa cha aina ya "mmea huu watibu Parkinson", leo manjano, kesho chai ya kijani, wiki inayofuata upupu. Sizipingi zote, tena mimi ni wa kuzisoma kwanza kabla hata ya siasa, maana shangazi yangu anaumwa ugonjwa huu na mimi ndo ninayempangia vidonge vyake. Kinachoniuma ni kwamba habari inakatika palepale ambapo mgonjwa ndo anataka kujua zaidi. Hiyo kemikali ya mmea imefanya kazi wapi, kwenye kichupa cha maabara, kwa panya, au kwa binadamu? Na kama ni kwa binadamu, walikuwa wangapi, walipewa kiasi gani, na wakati wanapewa waliendelea na dawa zao za kawaida au waliacha? Msomaji anabaki na jina la mmea tu kichwani, kesho yake anaanza kuutafuta.

Kwa wasioujua ugonjwa wenyewe, daktari James Parkinson wa London aliuelezea kwenye kijitabu chake mwaka 1817 ndo ukabeba jina lake. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, na dopamini ndo inauwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendesha vizuri. Hizo seli zinakufa polepole kwa miaka, na mpaka mkono uanze kutetemeka nyingi zinakuwa zimeshakwenda. Watu wanajua kutetemeka tu lakini kuna mwili kukakamaa, kuna kutembea kwa kuburuza miguu, sauti inafifia, mwandiko unakuwa mdogo mpaka hausomeki, choo kigumu, usingizi wa kupiga mateke, na wengine wanapoteza uwezo wa kunusa miaka mingi kabla ya dalili nyingine yoyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wanaishi nao, na vifo 329,000 kwa mwaka huo huo. Na mpaka sasa hamna dawa yoyote, iwe ya kiwandani au ya porini, iliyothibitishwa kwamba inazizuia hizo seli zisife. Zilizopo zinapunguza dalili. Hili naomba liandikwe kwenye kila habari ya Parkinson hata kama litajirudia.

Sasa nije kwenye mimea, maana kuna kitu hakisemwi kabisa. Dawa kubwa kuliko zote za Parkinson, levodopa, ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini, ile ambayo karibu kila mgonjwa ataifikia siku moja, kwa mara ya kwanza ilitolewa kwenye mmea. Mwaka 1913 mkemia anaitwa Marcus Guggenheim, alikuwa anafanya kazi kampuni ya dawa ya Roche kule Basel Uswisi, aliichuja kutoka kwenye mmea wa maharage ya faba, akameza mwenyewe gramu 2.5 ajaribu, ikamtapisha vibaya, akaona labda haina kazi kubwa mwilini. Mwaka 1937 watafiti wa India wakaikuta tena, safari hii kwenye mbegu za upupu. Bado hakuna aliyejua inatibu nini!

Na mlango wenyewe ulifunguliwa na mmea mwingine kabisa. Kuna mmea wa India unaitwa Rauwolfia, ndani yake kuna kemikali ya reserpini iliyokuwa inatumika kushusha presha na kutuliza wagonjwa wa akili. Mtafiti Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, ambayo inamaliza dopamini ubongoni, wakaganda, hawasogei, masikio chini, alafu akawachoma levodopa na baada ya muda mfupi wakaamka wakaanza kutembea. Hiyo ilikuwa 1957. Yaani sumu ya mmea mmoja ikaonesha ugonjwa unavyotokea na kemikali ya mmea mwingine ikaonesha namna ya kuutibu, na mwaka 2000 Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1960 kule Vienna mtafiti Hornykiewicz na mwenzake Ehringer wakapima ubongo wa watu waliofariki na Parkinson wakakuta dopamini imepungua sana, mwaka uliofuata Hornykiewicz na daktari Birkmayer wakawachoma wagonjwa levodopa, na watu waliokuwa hawawezi hata kukaa kitandani wakasimama na kutembea. Lakini ilikuwa inadumu muda mfupi. Ni mpaka 1967 daktari George Cotzias wa Marekani alipoamua kuwapa kwa mdomo, akianza kidogo na kupandisha taratibu mpaka dozi kubwa, ndo ikawa dawa ya kweli ya kutumia kila siku.

Nimeeleza yote hayo kwa sababu nikisikia mtu anasema madaktari wanaidharau mimea kwenye ugonjwa huu nashangaa sana. Hata kabla ya levodopa, karne ya 19 kule Paris daktari wa neva Charcot na wenzake walikuwa wanawapa wagonjwa dawa zilizotoka kwenye mmea wa beladona, zikipunguza kutetemeka kidogo. Apomofini, ambayo leo mgonjwa aliyeganda ghafla anajichoma kama sindano ya kisukari, inatengenezwa kutoka kwenye mofini ya mmea wa afyuni. Mimea iko mpaka kwenye kidonge cha shangazi yangu.

Kwaiyo upupu. Ndo huo huo unaoujua, wenye vinyweleo kwenye ganda vinavyokuwasha mpaka ujikune damu. Ndani ya ganda kuna mbegu, na mbegu hizo zina levodopa kama asilimia 4 mpaka 6 hivi, inategemea aina na ulipoota. Kwenye tiba ya Ayurveda ya India unga wake umetumika muda mrefu kwa watu wanaotetemeka, kwaiyo sio uzushi. Na umepimwa kwa binadamu pia. London mwaka 2004 watafiti walichukua wagonjwa 8, wakawapa unga wa upupu gramu 30 siku moja na vidonge vya kawaida siku nyingine, upupu ulianza kufanya kazi baada ya dakika kama 35 na vidonge dakika kama 68, tena nafuu ya upupu ilidumu muda mrefu zaidi. Mwaka 2017 ikatoka kazi iliyofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18, kwa dozi moja moja, na mbegu zilizokaangwa na kusagwa zikafanya kazi vizuri tu ukilinganisha na vidonge. Hapa ndo magazeti mengi yanakomea.

Mwaka uliofuata, 2018, watafiti haohao wakatoa matokeo ya kutumia upupu kila siku kwa wiki kadhaa, wagonjwa 14. Nusu yao waliacha kabla ya muda, wengine tumbo liliwasumbua, wengine mwendo ulizidi kuwa mbaya. Sijaona hii ikiandikwa popote kwa lugha yetu, na ndo ilikuwa muhimu kuliko zile mbili za kwanza, kwa sababu mgonjwa wa Parkinson hanywi dawa siku moja, anakunywa kila siku ya maisha yake iliyobaki.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Levodopa ukiimeza peke yake, sehemu kubwa inageuzwa kuwa dopamini huku mwilini kabla haijafika kwenye ubongo, na dopamini ikishakuwa kwenye damu haiwezi kuvuka kuingia ubongoni, inabaki kukuletea kichefuchefu na kushusha presha. Ndo maana kidonge cha kisasa kina vitu viwili, levodopa na karbidopa, na karbidopa kazi yake ni kuzuia huo ugeuzaji wa njiani, ikiwepo mgonjwa anahitaji levodopa kama robo tu ya ile ambayo angehitaji bila yake. Upupu hauna karbidopa. Mtu anayekwambia achana na levodopa ya kiwandani tumia upupu wa asili anakwambia achana na levodopa iliyopimwa na kulindwa, tumia levodopa ileile isiyopimwa na isiyolindwa. Kemikali ni moja. Hakuna levodopa ya asili na levodopa ya kizungu.

Na hiyo "isiyopimwa" nimeiona kwa macho yangu. Shangazi aliuziwa unga wa upupu na mtu aliyemhakikishia hauna madhara kwa sababu ni mmea, kopo halina lebo, halina kiasi, halina chochote. Akawa anakunywa kijiko asubuhi juu ya vidonge vyake vya kawaida bila kumwambia mtu. Baada ya siku chache akaanza kujinyonganyonga, kichwa kinaenda upande huu na huu kama anafuata muziki, mguu wa kushoto hautulii kwenye ndara, unatoka, anaurudisha, unatoka tena, na akisimama tu macho yanaingia giza. Sisi tukadhani ugonjwa umepanda na jirani mmoja akasema aongezewe dawa, ambayo ingekuwa hatari zaidi, kumbe levodopa ilikuwa imezidi. Daktari wa neva alichouliza ni kitu kimoja tu, "mama, unatumia nini kingine nyumbani?" Akatoa kopo kwenye mkoba.

Hata za makopo mazuri yenye lebo sio za kuaminika moja kwa moja, waliopima saplimenti za upupu zinazouzwa wamekuta kiasi cha levodopa kilichomo kinatofautiana sana na kilichoandikwa. Na kuna upande wa pili ambao unanitisha zaidi, mgonjwa anayeacha vidonge ghafla ili "asafishe mwili" aanze mmea. Levodopa ikikatwa ghafla mtu anaweza kukakamaa mwili mzima, homa ikapanda sana, akachanganyikiwa na hata kufa. Sio jambo la kutokea kwa kila mtu lakini linajulikana na madaktari wanaliogopa. Habari yenu yoyote inayotaja mmea wa kutibu Parkinson bila sentensi ya "usiache dawa zako" mimi naona haijakamilika kuchapwa.

Tukiachana na upupu kuna kundi la pili, hizi kemikali ambazo haziongezi dopamini bali zinategemewa kuzilinda seli zisife. Hapa ndo matumaini ni makubwa na hapa ndo tumeangushwa zaidi. Chukua kafeini. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya utafiti wa Honolulu uliofuatilia wanaume 8,004 wa asili ya Kijapani kwa miaka mingi, na wale wasiokunywa kahawa walipata Parkinson mara tano hivi zaidi ya wale waliokunywa kwa wingi. Tofauti kubwa mno hiyo! Kila mtu akafikiri dawa imepatikana. Wakawapa wagonjwa kafeini ya vidonge, majaribio madogo ya kwanza yakaonesha nafuu kidogo ya mwendo, wakarudia na watu 121, matokeo yakatoka 2017, hakuna tofauti na kidonge tupu kisicho na dawa ndani. Lakini kazi haikupotea, kwa kufuata njia ambayo kafeini inapita kwenye ubongo watu wakatengeneza istradefilini ambayo Japani waliikubali 2013 na Marekani 2019, inasaidia wagonjwa ambao levodopa inawaishia nguvu kabla ya dozi inayofuata. Hii ndo stori ya kuandika, mmea ulionesha njia, dawa ikatengenezwa.

Nikotini hivyohivyo. Inajulikana miaka mingi kwamba wavuta sigara wanapata Parkinson kwa uchache, kwaiyo wakawabandika plasta za nikotini wagonjwa wapya zaidi ya 160 kwa mwaka mzima, na matokeo yalipotoka 2023 ugonjwa haukupunguza kasi hata kidogo. Chai ya kijani ina kemikali yake kubwa, kwa kifupi inaitwa EGCG, kwenye maabara inazuia ile protini ya alfa-sinukleini isigandane kuwa mabonge ndani ya seli, na mabonge hayo ndo alama ya Parkinson. Ujerumani wakaijaribu kwa wagonjwa 92 wa ugonjwa ndugu wa Parkinson unaotokana na protini hiyohiyo, matokeo 2019, haikusaidia, na baadhi yao ini likaanza kuumia mpaka ikabidi waachishwe. Zingatia kwamba walipewa kemikali iliyokolezwa, sio kikombe cha chai.

Manjano ndo inanichosha kabisa. Kurkumini yake kwenye kichupa inafanya kila kitu, inazuia mabonge, inapunguza uvimbe, inaua seli za saratani, na kwa panya pia inaonekana nzuri. Lakini ukila haifyonzwi, kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, na kinachofika kwenye ubongo ni kidogo zaidi, maana kati ya damu na ubongo kuna kizuizi kinachochuja kila kitu. Mwaka 2017 wakemia waliipitia kwa kina wakaonya kwamba kurkumini ina tabia ya kudanganya vipimo vya maabara, inaonekana inafanya kazi kumbe inavuruga kipimo chenyewe. Sasa mtu wa kawaida atajuaje hilo kama gazeti halimwambii?

Na panya pia tuwaelewe. Panya hapati Parkinson mwenyewe, anapewa sumu inayoua seli za dopamini kwa siku au wiki chache, na mara nyingi hiyo kemikali ya mmea anapewa kabla ya sumu au pamoja nayo, alafu wanaangalia kama seli zimepona. Binadamu anakuja hospitali seli zimekufa kwa miaka kumi na zaidi bila mtu kujua. Ndo maana orodha ya vitu vilivyomsaidia panya ni ndefu mno na orodha ya vilivyozuia ugonjwa kwa binadamu haina hata kimoja.

Naongeza na hili kwa sababu linasahaulika kila siku. Moja ya sumu ambazo watafiti wanatumia kumfanya panya awe na Parkinson ni rotenoni, na rotenoni inatoka kwenye mizizi ya mimea, watu wameitumia kuvulia samaki na kuulia wadudu, na ilikuwa inasifiwa kama kiuatilifu cha asili. Mwaka 2000 ikaoneshwa kwamba panya akipewa kwa muda anapata dalili na mabonge yale yale, na mwaka 2011 utafiti wa Marekani ukakuta watu walioitumia shambani wana uwezekano wa kupata Parkinson mara 2.5 hivi kuliko wasioitumia. Kisha kuna kisiwa cha Guadeloupe. Mwaka 1999 madaktari walitoa taarifa kwamba kule kuna wagonjwa wengi kupita kawaida wa aina ya Parkinson isiyoitikia vizuri levodopa, na walipouliza wakakuta wengi wametumia kwa wingi na kwa miaka matunda ya stafeli na chai ya majani yake. Ndani ya stafeli kuna anonasini, kemikali inayoziba mitambo ya nishati ya seli kama rotenoni inavyofanya. Sisemi mtu aliyekula tunda leo ataumwa, hapana. Nasema majani yaleyale ya stafeli yanauzwa kama tiba ya kila kitu, na mgonjwa wa Parkinson ndo mtu wa mwisho anayetakiwa kuyachemsha na kunywa kila siku.

Sasa ombi langu kwenu, Mhariri, na naliomba kwa dhati. Mnapopata habari ya kemikali ya mmea, mtu wenu aulize walijaribu kwa nani na aandike jibu juu kabisa, sio mstari wa mwisho. Muandike pia majaribio yakishindwa, maana mlituletea habari ya kafeini na ya nikotini zilipokuwa tumaini lakini ya kushindwa hatukuiona, na mgonjwa aliyebaki na ile ya kwanza bado anaiamini. Muwape nafasi wafamasia na madaktari wa neva waeleze mambo madogo ambayo yanabadilisha siku ya mgonjwa, kwa mfano kwamba levodopa inagombania kufyonzwa na protini ya chakula, kwaiyo kidonge kikimezwa nusu saa hivi kabla ya kula kinafanya kazi vizuri zaidi kuliko kikimezwa juu ya sahani ya nyama. Hilo halina gharama na limemsaidia shangazi kuliko unga wowote.

Na upupu wenyewe msiuache. Kuna nchi nyingi ambako levodopa haipatikani au mgonjwa hawezi kuimudu kila mwezi, Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema hivyo, na waliokwenda Bolivia walikwenda kwa sababu hiyo. Mtu ambaye hana kidonge kabisa na mtu ambaye ana kidonge anataka kukitupa ni watu wawili tofauti. Kwa yule wa kwanza upupu uliopimwa, ambao kila kijiko kinajulikana kina miligramu ngapi, chini ya jicho la daktari, unaweza kuwa msaada wa kweli na ninatamani sana utafiti huo uendelee mpaka mwisho. Kwa yule wa pili jibu ni hapana. Mkiweza kuandika habari moja inayowatenganisha hawa wawili nitaikata na kuibandika ukutani.

Kwa wasomaji ambao tayari wanatumia upupu au mmea mwingine pamoja na vidonge, msiache chochote ghafla na msifiche. Chukueni kopo lenyewe, hata kama halina lebo, mwende nalo kliniki mkamwambie daktari mnatumia vijiko vingapi na saa ngapi, na mwenye kumuuguza mgonjwa aandike kwa siku kadhaa muda wa kila dozi, muda mwili unapofunguka na muda unapoanza kukaza tena. Daktari akiwa na hiyo karatasi anaweza kurekebisha dozi, bila hiyo anabahatisha.

Msomaji wenu, muuguza mgonjwa wa Parkinson